Mkono Unaochora Usibaki Mtupu

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana na wazazi, Kiritiri, Mbeere Kusini, katika mwezi mtukufu wa Ramadhan)



Shukrani zote ni za Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazazi wangu, ndugu zangu, nimepewa mada ya biashara ya familia. Nimechagua kuzungumzia biashara ya aina moja tu, ile ambayo mtaji wake ni mkono wa mtoto mwenye ulemavu. Mtoto anachora wanyama, na nyumba nzima inauza anachokichora. Swali langu ni hili, na naomba tusilikimbie: katika biashara hiyo, yule mchoraji ni mwenye mali, au yeye ndiye mali?

Tuanze hapa tulipo. Ukitaja Mbeere huko Pwani, wengi watakutajia muguka. Lakini nchi hii ina mengine. Mto Tana unapita hapa, na juu yake kuna mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Pale Tana na Thiba zinapokutana, Kamburu, ndipo ilipo Hifadhi ya Mwea iliyotengwa mwaka 1976. Kuna ndovu, twiga, viboko na mamba. Wanyama ambao wageni wanalipa kuja kuwaona, sisi ni majirani zao.

Sasa chukua mfano wa nyumba yoyote. Kuna kijana ambaye miguu yake haina nguvu. Kiti cha magurudumu hakipiti kwenye mchanga, shule iko mbali. Anakaa kibarazani na daftari, anachora twiga. Siku moja mjomba anamwonyesha mgeni, mgeni anatoa pesa. Basi, kuanzia hapo dada anakata kadi, mama anatia fremu, kaka anapanda matatu kwenda kuuza Embu na Nairobi. Alhamdulillahi, hiyo ni neema. Lakini hapo ndipo mtihani unapoanza.

Picha za wanyama zalisha ukoo

Asikudanganye mtu kwamba kuchora ni mchezo wa watoto. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, kusini mwa Tanzania. Mwaka 1968, akiwa Dar es Salaam, alianza kuchora simba, chui na ndege kwa rangi za kung'aa kwenye vipande vya ubao. Alifundisha jamaa zake na vijana wengine wachache. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Yaani alichora kwa miaka minne tu! Lakini wale aliowafundisha waliendelea, na mwaka 1990 wakawa na chama chao cha ushirika. Leo, zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, picha za mtindo wake zinauzwa kutoka Dar es Salaam hadi Zanzibar, Mombasa na Nairobi.

Lakini tazama na upande wa pili. Jina lake limekuwa jina la mtindo. Kila mwenye brashi anaweza kusema anauza "tingatinga", na wanunuzi wengi hawajui kwamba lilikuwa jina la mtu. Na Tingatinga alikuwa mzima wa viungo, angeweza kwenda sokoni mwenyewe akajua bei. Je, yule ambaye hatoki kibarazani, bei anaambiwa na nani?

Wapo waliojibu swali hilo vizuri. Stephen Wiltshire alizaliwa London mwaka 1974, naye ana usonji. Utotoni alikuwa hasemi, akaanza kuzungumza kwa kalamu. Anautazama mji kutoka kwenye helikopta, kisha anauchora kwa kumbukumbu, jengo kwa jengo. Mwaka 2006 lilifunguliwa duka la picha zake, na dada yake akalisimamia. Lakini jina la duka ni la Stephen. Na Mjerumani Erich Stegmann, ambaye polio ilimpooza mikono akachora kwa mdomo, katika miaka ya 1950 aliwakusanya wachoraji wenzake wenye hali kama yake wakaunda chama cha kuuza kadi na picha zao. Chama ni chao wenyewe, hawakusubiri huruma ya mtu.

Tuna mwalimu bora zaidi

Ndugu zangu, sisi tuna mfano wa karibu kuliko London. Abdallah ibn Ummi Maktum (r.a.) alikuwa kipofu. Suratu Abasa iliteremka kwa sababu yake. Mtume (s.a.w.) alimheshimu, akampa kazi ya kuadhini pamoja na Bilal (r.a.), na alipokuwa akitoka Madina kwenda safarini aliwahi kumwacha yeye kuwa kaimu wake.

Sasa fikirini jambo hili tunapokula daku. Katika Ramadhan ya Madina, Bilal aliadhini usiku, na watu waliambiwa wale na wanywe mpaka aadhini Ibn Ummi Maktum. Kipofu ataionaje alfajiri? Wenzake ndio waliomwambia kwamba kumekucha, naye akaadhini. Wao walimpa macho, lakini sauti ilibaki yake, na kazi ilibaki yake. Hakuna aliyesema, "Mimi ndiye niliyeiona alfajiri, basi adhana ni yangu."

Hivyo ndivyo nyumba inavyotakiwa kuwa. Wewe kaka umempa miguu, umepeleka kadi mjini. Ujira wako ni haki yako, chukua. Lakini twiga si wako.

Na kuhusu hesabu, aya ya 282 ya Suratul-Baqara, aya ndefu kuliko zote, inatuagiza kuandika madeni. Ndani ya aya hiyo hiyo ametajwa mtu dhaifu asiyeweza kueleza mwenyewe, na walii wake ameamrishwa aeleze kwa niaba yake kwa uadilifu. Subhanallah! Kumsemea mwenye ulemavu ni amana, na tutaulizwa.

Vipi kuhusu kuchora wenye roho?

Najua kuna atakayeuliza, na swali lake ni la haki. Wanavyuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafii, wamekataza picha za wenye roho. Wapo pia waliotofautisha kati ya sanamu lenye kivuli na mchoro wa karatasini. Mimi ni mwanafunzi tu, si mufti. Kaa na sheikh wako umuulize. Lakini tazama adabu ya Ibn Abbas (r.a.). Alijiwa na mtu ambaye chumo lake lilikuwa kazi hiyo hiyo ya picha. Alimkataza, lakini hakumwacha na njaa. Alimwambia achore miti na visivyo na roho. Mbeere tuna migunga, tuna maji ya Kiambere, tuna kilima cha Kiang'ombe. Na haki ya mchoraji haibadiliki, achore twiga au achore mgunga.

Tufanye nini?

Kwanza, sahihi. Kila mchoro uwe na jina lake au alama yake. Kama hawezi kuandika, achague alama, hata dole gumba linatosha.

Pili, daftari. Mfano wa hesabu tu: kadi 100 kwa shilingi 150 ni shilingi 15,000. Toa karatasi, uchapaji na nauli, tuseme 6,000. Zimebaki 9,000. Hizo zigawanywe kwa mafungu mliyoandikiana mapema, mchoraji akiwepo na kukubali, sio "tutaona baadaye". Fungu lake liingie kwenye akaunti ya jina lake. Akila nyumbani asiambiwe kwamba hicho ndicho kilipo chake. Chakula anastahili kwa kuwa ni ndugu, malipo anastahili kwa kuwa ni fundi.

Tatu, hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamlinda mchoraji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Aliyenunua picha moja hajanunua ruhusa ya kuichapisha kwenye fulana elfu. Mtu akija na karatasi ya kutia sahihi, isomwe kwanza, tena kwa sauti, kwa lugha ambayo mchoraji anaielewa. Na akifa, haki hiyo iingie kwenye mirathi kama mali nyingine. Aliyekuwa akiuza asijirithishe peke yake.

Nne, apumzike. Mkono ukichoka, umechoka. Akisema leo hachori, hachori. Oda ya mgeni isimfanye mtumwa ndani ya nyumba ya mama yake.

Tano, serikali. Ibara ya 54 ya Katiba ya mwaka 2010 inampa mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima. Liko Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lililoundwa chini ya sheria ya mwaka 2003. Mwandikisheni mtoto, msimfiche. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu Wakenya wenye ulemavu kama 900,000 hivi, yaani asilimia 2.2 ya wenye umri wa miaka mitano na zaidi. Huyo wako si wa ajabu, wala si aibu.

Na sisi tusio na mchoraji nyumbani? Mwezi huu tunawapa ndugu hawa sadaka mlangoni mwa msikiti, na sadaka ni jambo jema. Lakini yule mwenye ufundi mpe pia heshima ya kununua kwake. Lipa bei kamili kama unavyolipa dukani. Nunua kwa sababu kazi ni nzuri. Ukiona shingo ya twiga imepinda, mwambie, kama unavyomwambia fundi mwingine yeyote. Kule Mombasa, karakana za Bombolulu zilianzishwa mwaka 1969, na watu wenye ulemavu wakatengeneza vito, vinyago na mifuko ya ngozi. Wanunuzi walitoka mbali kufuata kitu kilichotengenezwa vizuri.

Wazazi wangu, leo baada ya futari, mwenye mtoto wa namna hii nyumbani amkalie karibu, amuulize swali moja: "Mwanangu, pesa za picha zako unajua ziko wapi?" Akijua, mshukuru Allah. Asipojua, daftari lifunguliwe usiku huu huu.

Allah atujaalie tuwe waaminifu kwa wale aliotupa kuwasimamia, na atutakabalie funga zetu. Amin.