Kile Kifaa cha Mvuke: Nguvu Yake, Betri Yake na Mtoto Wako

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo nimekuja na kitu ambacho huenda kiko nyumbani kwako na bado hukijui.

Siku hizi akina mama wanakuja kliniki ya watoto wakiwa na mtoto mgongoni na kifaa mkononi, wakiniambia wamekipata mfukoni mwa suruali ya shule walipokuwa wakifua. Mmoja hudhani ni flashi ya kompyuta. Mwingine hudhani ni kalamu ya rangi, kwa vile kinang'aa na kinanukia embe. Kuna na vile vikubwa, vizito mkononi, vyenye kioo kidogo cha namba na vitufe viwili, kimoja cha kupandisha na kingine cha kushusha. Vyote ni jamaa moja. Ni sigara ya elektroniki, na vijana huiita vepu.

Kumwambia kijana wa miaka 15 kwamba kitu ni kibaya hakutoshi. Atakujibu, "Mama, huo ni mvuke wa maji tu." Kwa hivyo leo nataka ujue kilivyo ndani, zile namba ni za nini, na kwa nini betri yake inastahili kuogopwa kuliko hata ya simu.

Kifaa hiki cha kisasa kilibuniwa mwaka wa 2003 na mfamasia wa China aitwaye Hon Lik, naye alitaka kitu cha kumsaidia mvutaji kuacha sigara. Ndani yake utakuta betri, koili ya waya mwembamba, pamba, na kitangi cha maji yenye rangi au yasiyo na rangi. Wewe mama unavifahamu hivi vyote kwa majina mengine. Koili ni ndugu mdogo wa ile ya kuchemshia maji ndooni. Pamba inafanya kazi ya utambi wa jiko la mafuta ya taa: inanyonya maji kutoka kwenye tangi na kuyaleta kwenye waya. Kijana akibonyeza kitufe au akivuta, betri inapeleka umeme kwenye koili, koili inapata moto, na yale maji yanageuka kuwa mvuke.

Lakini si maji ya mferejini. Ni mchanganyiko wa gliserini, ile ile tunayopaka mikono wakati wa baridi, na kemikali nyingine iitwayo propilini glaikoli, pamoja na manukato, na mara nyingi nikotini. Gliserini kwenye ngozi haina neno. Iliyochemshwa na kuvutwa hadi mapafuni ni habari nyingine.

Sasa zile namba. Kifaa kidogo cha bei rahisi kina nguvu moja tu, huwezi kuibadilisha. Kile chenye vitufe viwili ni cha nguvu ya kupanda na kushuka, na nguvu hiyo hupimwa kwa wati, kama ya balbu au pasi. Ndani yake kuna saketi ndogo, niite ubongo wa kifaa. Ubongo huu unapima ukinzani wa koili, yaani jinsi waya unavyozuia umeme kupita, halafu unapandisha au kushusha volti hadi koili ipate wati zile zile zilizochaguliwa. Mtumiaji akiweka 15, itakuwa 15. Akiweka 60, itakuwa 60, na koili itapata nguvu ya umeme mara nne ya ile ya awali, kama mtu aliyetoka kwenye moto wa makaa machache akafungua jiko lote.

Hapo ndipo akina mama tunaposhindana na watu wa dukani. Kupandisha wati si kuongeza ladha tu. Wati zikipanda, maji mengi zaidi yanageuka mvuke kwa kila mvuto, na kwa maji yale yale nikotini inayoingia mwilini inakuwa nyingi zaidi. Mtoto anaweza kukuambia "navuta mara chache", naye akawa anapata zaidi ya mwenzake anayevuta mara nyingi kwa nguvu ndogo. Tena kuna jambo la joto. Umewahi kusahau mafuta ya chapati motoni yakaanza kutoa moshi unaowasha macho na kukereketa koo? Kinachowasha pale ni sumu iitwayo akrolini, na inatokana na gliserini iliyomo kwenye mafuta. Gliserini ya kwenye kifaa hiki ikipita moto, hasa pamba ikiwa imekauka, inatoa akrolini ile ile, na pia fomaldehaidi, ambayo ndiyo inayotiwa kwenye formalini ya kuhifadhia maiti. Wavutaji wenyewe wanaijua ladha ya pamba kavu, hukohoa na kutema. Kwa hivyo ukiambiwa ni mvuke wa maji tu, una jibu.

Nitasema na hili ili nisiwe nimepotosha mtu. Kwa mtu mzima aliyevuta sigara miaka mingi, akaacha kabisa na kuhamia kifaa hiki, sumu anazopata ni chache kuliko za tumbaku inayoungua. Lakini "chache kuliko sigara" si "salama", na mtoto ambaye hakuwahi kuvuta hana anachopunguza. Ubongo wa kijana bado unajengeka hadi afike karibu miaka 25, na nikotini inaushika upesi. Mama mjamzito naye asiguse, wala anayenyonyesha, maana nikotini inapita kwenye kondo na kwenye maziwa.

Tuje kwenye betri. Hii ndiyo sehemu ambayo naona watu hawaizungumzii.

Vifaa vingi vikubwa vinatumia betri ya mviringo inayoitwa 18650. Jina ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Ni ya lithiamu, aina ile ile iliyo kwenye tochi nyingi za kuchaji. Volti yake ya kawaida ni 3.7, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Uwezo wake huandikwa kwa herufi mAh, na betri nzuri ya ukubwa huo ni kama 3000.

Fikiria betri kama tokeni za stima. Ukiwasha balbu, tokeni zinakaa. Ukiwasha pasi, unaziona zikishuka. Betri ya 3000 kwenye wati 15 inaweza kupasha koili kwa jumla ya dakika kama 44. Ikiwa kila mvuto ni sekunde tatu, hiyo ni mivuto zaidi ya 800. Betri hiyo hiyo kwenye wati 60 inatoa dakika 11 tu, mivuto kama 220. Hiyo ni hesabu ya karatasi. Kwa kweli huwa pungufu, kwani kifaa huzima kabla betri haijakauka. Kifaa kidogo chenye betri ya 400 na wati 8 kinafika mivuto kama 200.

Kwa nini nakusumbua na hesabu? Kwa sababu mtoto wako akichaji kifaa mara mbili kwa siku, wewe sasa unaweza kukadiria anavuta kiasi gani. Na kwa sababu betri inayotolewa umeme kwa kasi hivyo inapata joto, inachoka, na inachajiwa mara nyingi. Betri ya lithiamu kwa kawaida huchajiwa mara 300 hadi 500 kabla haijaanza kudhoofika waziwazi. Joto linaipunguzia maisha zaidi, kama vile kuiacha ndani ya gari juani au chini ya mabati mchana. Ikiwa haishiki chaji tena, imefura, inanuka kitu kama rangi ya kucha, au plastiki yake ya nje imechanika, hiyo imekwisha. Usikubali fundi akuambie ataifunga gundi.

Ndani ya betri hizi kuna kioevu kinachowaka moto. Zikigusana ncha mbili kwa chuma, au zikichajiwa kupita kiasi, joto linaanza kujizalisha lenyewe ndani na hakuna swichi ya kulizima. Vifaa vyenye ule ubongo hukata umeme vikiona hitilafu. Vipo vingine ambavyo ni bomba la chuma na betri tu, bila ubongo wowote, na hivyo ndivyo vya kuogopa zaidi. Idara ya zimamoto ya Marekani ilihesabu visa 195 vya vifaa hivi kuwaka au kulipuka kati ya mwaka wa 2009 na 2016, kutokana na habari za magazeti na televisheni, na watu 133 waliumia. Katika visa 61, kifaa au betri ya akiba ilikuwa mfukoni. Baadaye kulitokea vifo pia, kimoja Florida mwaka wa 2018 na kingine Texas mwaka wa 2019. Kwa idadi ya vifaa vilivyoko duniani, visa hivyo ni vichache. Ila mfukoni, kando ya paja la mtoto, kimoja kinatosha.

Betri ya akiba isiwekwe kamwe mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Iwe kwenye kikebe chake cha plastiki. Kifaa kisichajiwe usiku watu wamelala, wala juu ya godoro, chini ya mto au karibu na pazia. Najua wengi wetu tunalala chumba kimoja na watoto, na soketi iko kando ya kitanda. Ndiyo maana nasisitiza. Kikianza kutoa moshi au mlio kama wa chai inayochemka, zima stima ukutani kwanza, toa watoto nje, usikishike kwa mkono. Stima ikishazimwa, maji mengi ni sawa kukipoza ikiwa unaweza kufika bila kuvuta ule moshi, kwa sababu moshi wenyewe ni sumu. Mtu akiungua, mwagie maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, wala yai, wala mafuta ya kupikia. Naendelea kuyaosha haya mambo kwenye vidonda vya watoto kila mwezi.

Kwa watoto wadogo, hofu kubwa ni ile chupa. Mvutaji wa sigara ya kawaida hupata miligramu moja hadi mbili za nikotini kwa sigara moja. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, maji haya hayaruhusiwi kuzidi miligramu 20 kwa kila mililita, na chupa haizidi mililita 10. Hata hapo, chupa moja ndogo ina miligramu 200. Kwingineko huuzwa yenye 50 kwa mililita. Nayo inanukia embe, stroberi, peremende. Mwezi wa Desemba 2014, mtoto wa mwaka mmoja katika jimbo la New York alifariki baada ya kuinywa.

Mtoto akiinywa utamwona anatapika, anatokwa na mate mengi, ngozi inapauka, anatoka jasho, moyo unakimbia. Baadaye analegea, anaweza kupata degedege. Usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa ukidhani yanakata sumu. Mfute mdomo, na ikiwa imemwagikia ngozini, mvue nguo na umwoshe kwa sabuni na maji mengi, maana nikotini inapita hata kwenye ngozi. Kimbia hospitali ukiwa umebeba chupa yenyewe. Tusome kilichoandikwa.

Sasa, yule kijana uliyemkuta nayo. Ombi langu ni kwamba usianze na fimbo, kwa sababu atakachojifunza ni kuficha vizuri zaidi, na mahali pa kuficha panaweza kuwa chini ya godoro analolalia mdogo wake, kifaa kikiwa kwenye chaji. Muulize maswali ya kawaida. Ilianza lini? Inapatikana wapi? Huivuta akiamka tu, kabla ya chai? Akiikosa siku nzima, anakuwa mkali au anashindwa kusoma? Akijibu ndiyo kwa hayo mawili ya mwisho, nikotini imeshamshika na anahitaji msaada. Siku tatu za kwanza za kuacha ndizo ngumu zaidi, na mkali atakuwa mkali. Vumilia, baada ya wiki mbili hadi nne hupungua. Mlete kituo cha afya, tutazungumza naye peke yake, bila wewe chumbani. Naomba usikasirike kwa hilo.

Na aliyemuuzia? Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia tumbaku aliye chini ya miaka 18. Ukijua kibanda kilicho karibu na shule kinachouza vifaa hivi kwa wanafunzi, mwambie chifu na mwalimu mkuu, mkienda wazazi watatu au wanne pamoja, si wewe peke yako.

La mwisho ni vile vya kutupwa baada ya kuisha. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wake tarehe 1 Juni 2025, Ubelgiji ilitangulia mwezi wa Januari mwaka huo. Ndani yake mna betri ya lithiamu ile ile, na mabaki ya nikotini. Usikichome na takataka, usikitupe chooni, na usiwaache watoto wakakiokota jalalani na kukigonga kwa jiwe. Betri iliyotolewa, ibandike utepe wa plastiki kwenye ncha zote mbili, uiweke kwenye mkebe mahali pakavu mbali na watoto, na uipeleke panapokusanywa taka za elektroniki ukienda mjini.

Kipindi kijacho, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhara kwa watoto, na jinsi ya kutumia zinki pamoja na ORS. Kaa na kalamu karibu, kutakuwa na vipimo vya kuandika.