Waya wa Redio Juu ya Nyumba, na Radi

Jioni hii twataka kusema nanyi habari za waya wa redio uwekwao nje ya nyumba.

Mji wa Kilosa umekaa chini ya milima ya Rubeho, na Mikumi nayo ina milima pande zake. Kwa hiyo sauti itokayo mbali hufika imechoka, na watu hutafuta nafuu kwa kuinua waya juu. Ndivyo walivyofanya wengi tangu matangazo yalipoanza Dar es Salaam mwaka 1951, nao hawakukosea. Lakini waya uletao sauti waweza kuleta radi pia, hata chumba walalamo watoto.

Msiufunge kamwe kwenye nguzo ya umeme, wala msiupitishe juu au chini ya nyaya za umeme. Wala msiufunge kwenye mkumi mrefu uliosimama peke yake, ijapokuwa mti huo ndio ulioupa mji wa Mikumi jina lake. Mrefu wa peke yake ndio upigwao kwanza. Nguzo mbili za mti mkavu zatosha, na kila ncha ya waya itiwe kikombe cha kaure, mfano wa vile vya nguzo za simu za zamani. Waya ushukao ulegezwe uning'inie kidogo chini ya tundu la ukuta, maji ya mvua yadondoke nje. Ukuta wa udongo hauna subira na maji.

Sasa neno kubwa. Nje, karibu na ukuta, pigilieni ardhini fimbo ya shaba au bomba la chuma, urefu wa mita 2 hivi, mahali penye unyevu. Nyumba ikiwa na umeme, fundi aliyehitimu aiunganishe fimbo hiyo na ile ya nyumba.

Wengi hudhani fimbo hufukuza radi. Sivyo, huipa njia tu. Basi wingu lianzapo kukusanyika, uchomoeni waya katika redio, mkaifunge ncha yake kwenye fimbo, huko huko nje. Wako wauchomoao wakauacha mezani, wakajiona salama. Hao wameifungulia radi mlango, kwa maana huruka kutoka ncha hiyo hata kitu kilicho karibu, na kilicho karibu huenda ni mtoto. Redio itumiayo umeme wa nyumba, ichomoeni na huko pia.

Ngurumo huenda kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi. Mwonapo umeme, hesabuni. Ngurumo ikisikika kabla ya 30, wingu halikupita kilomita 10, nalo laweza kuwafikia. Saa ya kuugusa waya imekwisha pita. Hata kama hamjaufunga, uacheni, mkae mbali nao mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Habari za usiku huo mtazisikia asubuhi.