Mtoto Akichomwa na Mwiba wa Taa

Wewe uishiye pwani, leo tunazungumza juu ya taa, yule samaki bapa mwenye mkia kama mjeledi.

Taa hamfuati mtu. Hutafuta kaa na kombe kwenye maji haba, kisha hujifukia mchangani yakabaki macho tu. Wapo wanaozidi mita 1 kwa upana, na bado usiwaone! Mtoto akimkanyaga, mkia hupanda, na mwiba wenye meno kama ya msumeno huingia mguuni pamoja na sumu. Mfundishe mwanao kuburuta miguu anapotembea majini. Taa akisikia mtikisiko huondoka mwenyewe.

Akichomwa je? Mtoe majini. Damu ikitoka, bonyeza kwa kitambaa safi. Halafu injika maji. Sumu hii huharibiwa na joto, na maumivu hupungua. Mafuta ya taa usimpake. Yanafanana na samaki huyu kwa jina tu. Maji yawe ya moto wa kuvumilika, yasizidi digrii 45. Jaribu kwa kiwiko chako, kwani mguu wenye maumivu hautambui joto, na mtoto ataungua. Atumbukize mguu dakika 30 hadi 90. Ukiongeza maji ya moto, mguu utoke kwanza.

Kisha nenda zahanati na kadi yake ya chanjo, hata kama amenyamaza. Kipande cha mwiba huweza kubaki ndani, na pepopunda ni hatari. Mwiba ukiwa kifuani, tumboni au shingoni, usiuchomoe wala usingoje maji, mkimbize hospitali.