Mafuriko ya Miaka Mia Hayana Miadi



Mtu asikiapo kwamba bonde fulani limepatwa na mafuriko ya miaka mia, aghalabu hujijengea dhana ya kuwa maji yamekwisha kutimiza zamu yake, na ya kuwa yeye na wanawe watalala salama hadi karne nyingine itimie. Nami naiona dhana hii, ingawa chimbuko lake ni maneno yetu sisi wanahaidrolojia, kuwa ni katika zile zinazoangamiza watu.

Tusemapo miaka mia, makusudio yetu si muda wa kungoja, bali ni kadiri ya uwezekano: katika kila mwaka, yawayo yote yaliyopita, iko nafasi moja kati ya mia ya maji kufikia kimo hicho au kukipita. Fikirini mtungi wenye kokwa 100, moja tu ikiwa imepakwa masizi, na mkono ukaingia humo mara moja kila mwaka, na kokwa iliyotoka ikarudishwa. Maadamu hurudishwa, hakuna kinachoizuia ile nyeusi kutoka miaka miwili mfululizo. Kwa hesabu hiyo, akaaye ukingoni miaka 30 ana uwezekano wa asilimia 26 wa kupatwa walau mara moja. Na hata akikaa miaka 100 kamili hafikii yakini, kwani ni asilimia 63 tu.

Na hesabu yenyewe hutoka wapi? Msoma kipimo hushuka mtoni kila siku, akatazama ubao uliopigwa alama, akaandika. Kisha katika kila mwaka huchaguliwa kimo kimoja kilichozidi vyote. Daftari la miaka 40 likipangwa kuanzia kilicho kikubwa, cha kwanza hupewa muda wa kurudia wa miaka 41, cha pili 20 na nusu, cha tatu hakifiki hata 14. Kutaka kujua ya miaka 100 kutoka daftari hilo ni kuuendeleza mstari wa vimo hivyo kupita ushahidi ulipoishia, kwa kanuni kama ile ya mtakwimu Emil Gumbel ya mwaka 1941. Na mara ngapi ubao huchukuliwa na maji siku ile ile tunayouhitaji, tukabaki kupima alama za tope kutani!

Tena kanuni hizi zina sharti moja, kwamba hali ya bonde isibadilike. Mvua ya Desemba 2011 ilitajwa Dar es Salaam kuwa kubwa kupita zote tangu 1954. Lakini mto Msimbazi uliifunika tena Jangwani, iliyo bondeni mwake, mwaka 2014, na tena 2018, bila kungoja nusu karne. Vilima vikiisha kuezekwa mabati na kutiwa lami, na mchanga ukajaa chini ya daraja, mvua ya kawaida huleta maji yaliyokuwa ya nadra, hata muda wa kurudia wa mvua na ule wa mafuriko ukawa mambo mawili mbali mbali. Kwa hiyo nataka ramani ya kila kiwanja cha bondeni iandikwe uwezekano wa miaka 30, si jina la karne, na hesabu ifanywe upya kila mtaa mpya ujengwapo upande wa juu wa mto.