Pikipiki ya Dresa wa Muyeye



Kila apitaye leo kati ya Muyeye na mji wa Malindi hupishana na pikipiki nyingi hata asiweze kuzihesabu. Tangu Serikali ya Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani juu ya pikipiki ndogo mwaka 2008, chombo hiki kimekuwa riziki ya vijana wengi, na neno bodaboda, lililozaliwa mpakani Busia kwa waendeshaji wa baiskeli, limekwisha kuwa neno la pwani pia. Lakini zilikuwako siku ambapo mlio wa pikipiki ukisikika Muyeye watoto waliacha mchezo wakakimbilia njiani, na wazee barazani wakataja jina la mpandaji kabla hajatokea.

Mmoja wa wapandaji wa siku hizo alikuwa dresa, mtu wa kufunga vidonda na kutoa dawa. Nyumba yake ilikuwa Muyeye na kazi yake ilikuwa upande wa Gede, safari ya kilomita 15 hivi. Mwaka 1953 alinunua Mombasa BSA Bantam iliyokwisha tumika, akaipanda mwenyewe mpaka nyumbani, kilomita 120 za barabara isiyo na lami. Huko Mtwapa chombo cha kuvukia kilivutwa kwa mnyororo na watu walioimba huku wakivuta. Na Kilifi nako ilimbidi kungoja kivuko, kwani daraja la Kilifi lilifunguliwa mwaka 1991 tu. Husemwa kwamba alipofika Muyeye alikuwa mwekundu kwa vumbi hata mkewe akamkaribisha kama mgeni.

Bantam haikuwa mashine kubwa. Ilianza kuundwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1948, kwa mfano wa pikipiki ya Kijerumani ya DKW ambao Waingereza waliuchukua baada ya vita kuwa sehemu ya malipo. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 123, na gea zake tatu. Huko kwao ilichukua watoto wa posta waliopeleka simu za maandishi. Hata hivyo wepesi wake ndio ulioifaa pwani, maana ikizama katika mchanga mtu mmoja aliweza kuiinua, na palipopita mbuzi nayo ilipita. Asubuhi ilimpeleka dresa kazini kwa barabara kuu. Alasiri aliiingiza katika vijia vya mashambani, kati ya mikorosho na minazi, hata ukingoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, kuwatazama wagonjwa wasioweza kutembea.

Injini ya namna ile hutaka mafuta mazito yachanganywe na petroli ndani ya tangi. Dresa aliipenda mno mashine yake, na kila mara alizidisha mafuta kidogo, kama mama amwongezaye mtoto mchuzi. Fundi wa mjini alimwonya, naye hakusikia.

Usiku mmoja wa masika walikuja watu wawili kwa miguu. Mwanamke alikuwa katika uchungu siku ya pili, kijijini nyuma ya Gede, na mkunga amekwisha kukata tamaa. "Bwana Dresa," wakasema, "twakuomba, usingoje kuche." Akaondoka peke yake, kwa kuwa mashine ilikuwa na kiti kimoja.

Alipokwisha kuiacha barabara na kuingia kijia cha msituni, mlio ukaanza kukatika, kisha ukazimika. Taa ya mashine ile haikuwa na betri; ilipata nguvu zake katika injini yenyewe, basi injini ilipolala na taa ikalala. Akasimama gizani, mvua ikinyesha, na mbali kidogo matawi yakivunjika, maana msitu ule ni wa ndovu. Alijua mara moja kosa ni la nani. Mafuta aliyoyazidisha yalikuwa yameilowesha plagi. Akapapasa spana mfukoni, akaifungua plagi kwa vidole tu, akaifuta kwa upindo wa shati uliokuwa bado mkavu chini ya koti, akairudisha. Akakanyaga mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Hesabu ya mara alizokanyaga huzidi kila hadithi inaposimuliwa. Yatosha kusema iliwaka.

Alipomwona yule mwanamke alifahamu kwamba dawa za mfukoni hazifai kitu. Akaamuru achukuliwe juu ya kitanda mpaka barabara kuu, na vijana wanane wapokezane. Yeye akarudi mbio Malindi kutafuta gari. Alfajiri gari likawakuta wachukuzi wamekaa kando ya njia, kitanda kimefunikwa makuti, na mgonjwa yu hai. Siku ile ile, hospitalini Malindi, akazaa mtoto wa kiume. Tangu hapo dresa aliyapima mafuta kwa kikombe, wala hakuongeza hata tone.

Miaka ikapita. Zikaja Honda ndogo, zile zilizoanza kuundwa Japani mwaka 1958, ambazo hazikutaka mafuta kuchanganywa wala hazikuchafua nguo. Na kwa kweli zilikuwa mashine bora. Dresa alizisifu, wala hakununua. Alipostaafu aliendelea kuipanda Bantam mpaka magoti yalipokataa kuikanyaga.

Mwenyewe amekwisha fariki. Mashine ingali Muyeye, chini ya paa la makuti nyuma ya jiko, imeshika kutu na kukosa kiti, na mara nyingi kuku hutagia palipokuwa na tangi. Mjukuu wake ni mwendesha bodaboda. Wanunuzi wa vyuma chakavu wamekwisha kuja kwake mara kadhaa, naye huwapa maji ya kunywa, kisha huwaonyesha njia ya kurudi mjini.