Ukuta wa Bakteria na Rangi ya Gram
(Hotuba iliyotolewa Bagamoyo kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa robo saa, nami nitasema jambo moja: kwa nini mtu wa maabara huwapaka bakteria rangi kabla daktari hajaandika dawa.

Mwaka 1869 kipindupindu kilishuka kutoka Umasaini hadi Pangani, kikavuka bahari na kuua watu wengi sana Unguja. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu huko, aliifuatilia njia ya ugonjwa huo na kuieleza katika kitabu kilichochapwa mwaka 1876. Njia aliijua, kijidudu chenyewe hakukiona.

Mwaka 1884 Hans Christian Gram, mtu wa Denmark, alikuwa Berlin akichunguza mapafu ya waliokufa kwa nimonia. Huko ndiko alikopata njia yake. Siku hizi hufanywa hivi: tone hukaushwa juu ya kioo, humwagiwa rangi ya zambarau, kisha aidini ya kuikaza, kisha spiriti ya kuosha, na mwisho rangi nyekundu. Wanaobaki zambarau huitwa Gram chanya. Wanaogeuka wekundu, Gram hasi. (Si gramu ile ya kupimia sukari.)

Siri iko ukutani. Gram chanya ana ukuta mnene, kama nyumba za mawe za Mji Mkongwe wetu; spiriti huukausha, vitundu vikabana, rangi ikafungiwa ndani. Gram hasi ana ukuta mwembamba, lakini nje yake kuna utando wenye mafuta, mfano wa kibanda cha udongo kilichozungushiwa ua. Spiriti huuyeyusha ua, rangi ikatoka.

Ua huo ndio unaotusumbua. Penisilini huvuruga ujenzi wa ukuta, lakini kwa Gram hasi wengi hukwama uani. Kijidudu cha pepopunda ni chanya. Vya kipindupindu na homa ya matumbo ni hasi. Cha kisonono nacho ni hasi, na zamani penisilini ilikimudu kabla hakijawa sugu, basi msidhani rangi peke yake yatosha. Lakini anayenunua kapsuli dukani bila kupimwa anabahatisha tu.

Liko na kundi la tatu. Kijidudu cha kifua kikuu, na ndugu yake wa ukoma, kuta zao zimejaa nta; rangi ya Gram haiwashiki sawasawa. Hao hupakwa rangi nyekundu iliyopashwa moto, kwa njia ya Ziehl na Neelsen, kisha huoshwa kwa tindikali, nao hubaki wekundu. Siku hizi ziko pia mashine zinazotafuta chembe za urithi za kijidudu hicho ndani ya makohozi. Kwa hiyo mzee aliyekohoa wiki mbili, makohozi yake yakapimwa kwa Gram tu, akaambiwa hakuna kitu, bado hajapimwa kifua kikuu. Na arudi, akiombe kipimo hicho kwa jina lake.