Baraza la Pili Bila Fedha ni Jina Tupu

(Mazungumzo yaliyotolewa Maguu, Wilaya ya Mbinga)



Swali mliloniuliza ni zito. Je, Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa zingesikika zaidi kama Bunge letu, lenye baraza moja, lingeongezewa la pili ambamo kila sehemu ya nchi ina kura sawa?

Tuwatazame jirani zetu. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na Seneti ya wajumbe 41, mmoja kwa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Chama cha KADU ndicho kilichodai majimbo, kikihofia makabila madogo kumezwa. Lakini Seneti ile haikushika mfuko wa fedha, na mwaka 1964 majimbo yenyewe yalinyang'anywa madaraka. Mwaka 1966 Seneti ikavunjwa, wajumbe wake wakaingizwa katika baraza la chini. Anayewakilishwa akishakufa, mwakilishi ataishi vipi?

Katiba ya 2010 iliirudisha. Leo Lamu, iliyohesabiwa watu 143,920 mwaka 2019, ina kura moja ya kaunti sawa na Nairobi yenye watu 4,397,073. Mwaka 2020 maseneta walivutana kwa wiki nyingi juu ya mgawo wa fedha: wengine wakitaka vichwa vihesabiwe, wengine wakitaja ukubwa wa ardhi na umaskini. Hawakupatana mpaka Septemba. Ugomvi ulikuwa mrefu, lakini ulikuwa na maana.

Kwetu, Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013 ilipendekeza kila mkoa wa Bara upeleke wabunge wawili, mwanamke na mwanamume, katika Bunge la Muungano. Pendekezo halikupita. Lingepita, mvuvi wa Mbamba Bay, mkulima wa kahawa wa Maguu na wa korosho wa Tunduru wangesemewa humo na hao hao wawili. Usawa wa mikoa si usawa wa vijiji.

Ndugu zangu, ninyi ni mabingwa wa ngolo. Maji ya mvua hayatulii mlimani kwa kuombwa. Hutulia kwa sababu kila shimo limechimbwa kuyapokea. Kabla ya kudai baraza jipya, tuulize: litakuwa na kauli gani juu ya fedha, na huku chini nani atazipokea? Tusipojibu hayo, tutaongeza viti Dodoma, na sauti ya Maguu itabaki ile ile.